Frank Hornby: Karani aliyewapa watoto garimoshi la kujiundia

FRANK Hornby alizaliwa mjini Liverpool, Uingereza, mwaka wa 1863. Hakusomea uhandisi, bali alikuwa karani wa mfanyabiashara aliyeagiza nyama kutoka ng'ambo. Nyumbani aliwaundia wanawe vitu vya kuchezea kwa vipande vya bati vyenye matundu, akiviunganisha kwa nati na bolti.

Mnamo 1901, akiwa na umri wa miaka 37, alitaka kuusajili uvumbuzi huo asije akanyang'anywa. Hakuwa na fedha, hivyo akakopa pauni 5 kutoka kwa mwajiri wake, David Elliott. Baadaye vifaa hivyo vilipata umaarufu kwa jina Meccano.

Mwaka wa 1920 alitumia ufundi uo huo kuunda garimoshi dogo lililoendeshwa kwa springi ya kutiwa ufunguo. Mtoto aliweza kulifungua bolti kwa bolti, kisha akaliunda upya, na hivyo kutambua kazi ya kila kipande.

Hornby aliwakilisha Everton bungeni kati ya 1931 na 1935, akaaga dunia mwaka wa 1936. Mkopo ule mdogo ulikuwa umezaa kiwanda kikubwa, na hadi leo magarimoshi ya kuchezea yangali yanauzwa kwa jina lake.