Oswaldo Cruz: Tabibu aliyezushiwa ghasia kwa ajili ya chanjo

MWEZI Novemba 1904, jiji la Rio de Janeiro, lililokuwa mji mkuu wa Brazil wakati huo, liligeuka uwanja wa vita. Magari ya tramu yalipinduliwa na kuteketezwa, taa za barabarani zikavunjwa, na wakazi wakaziba njia kwa mawe na mbao ili kuwazuia polisi.

Kilichozua ghasia hizo si bei ya chakula wala wizi wa kura. Ilikuwa ni sheria ya kumlazimu kila raia apate chanjo ya ndui. Na aliyebebeshwa lawama zote alikuwa tabibu mmoja mwenye umri wa miaka 32, Oswaldo Cruz.

Cruz alizaliwa Agosti 5, 1872 katika mji mdogo wa São Luís do Paraitinga, jimbo la São Paulo. Babake pia alikuwa daktari. Alijiunga na chuo cha udaktari cha Rio akiwa na umri wa miaka 15 pekee, akafuzu mwaka wa 1892. Baadaye alielekea Ufaransa, alikosomea elimu ya vijidudu katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris.

Aliporejea nyumbani mwaka wa 1899, tauni ilikuwa imebisha hodi katika bandari ya Santos. Serikali ikaamua kuanzisha maabara ya kutengeneza dawa na chanjo za ugonjwa huo katika eneo la Manguinhos, viungani mwa Rio, na kufikia mwaka wa 1902 Cruz ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake.

Mwaka wa 1903, Rais Rodrigues Alves alimteua kusimamia afya ya umma nchini. Rio ilikuwa na sifa mbaya duniani kwa sababu ya homa ya manjano, tauni na ndui, kiasi kwamba mabaharia wa kigeni waliogopa kutia nanga huko.

Cruz alianza kwa kuwatuma maafisa wa afya nyumba hadi nyumba kuangamiza mbu. Wengi walimcheka, kwani hata baadhi ya madaktari hawakuamini kwamba mdudu mdogo kama huyo ndiye aliyeeneza homa ya manjano. Ili kupambana na tauni, serikali ilinunua panya waliouawa, hatua iliyowafanya wajanja fulani kuanza kufuga panya ili wawauze.

Hata hivyo, dhoruba kubwa ilikuja na chanjo ya ndui. Bunge lilipitisha sheria ya kuifanya kuwa ya lazima mnamo Oktoba 31, 1904. Siku chache baadaye, gazeti moja lilichapisha rasimu ya kanuni za utekelezaji. Ilibainika kwamba bila cheti cha chanjo, mtu hangeweza kuandikwa kazi, kuingia shule wala kufunga ndoa.

Wapinzani wa serikali waliona mwanya. Wakiongozwa na seneta Lauro Sodré, waliunda chama cha kupinga chanjo hiyo. Uvumi ulitapakaa kwamba wake na mabinti wangevuliwa nguo mbele ya wageni, na kwamba dawa hiyo iliyotokana na ng'ombe ingewageuza watu sura.

Lakini hasira ya maskini haikutokana na uvumi pekee. Wakati uo huo, serikali ilikuwa ikibomoa makao yao katikati ya jiji ili kujenga barabara pana, bila kuwaonyesha pa kwenda. Kwao, afisa wa afya aliyebisha mlangoni akifuatana na polisi hakuwa tofauti na yule aliyekuja kubomoa.

Ghasia zilizoanza Novemba 10 zilidumu takriban wiki moja. Novemba 14, wanafunzi wa chuo cha kijeshi waliasi wakitaka kumng'oa rais, jambo lililodhihirisha kwamba kwa wanasiasa, chanjo ilikuwa kisingizio tu. Kufikia mwisho wake, watu 30 walikuwa wameaga dunia na zaidi ya 900 kutiwa mbaroni. Mamia walipelekwa kwa meli hadi Acre, katika misitu ya Amazon.

Serikali ilitangaza hali ya hatari, lakini pia ikasitisha ulazima wa chanjo. Wanasiasa walishangilia. Majuto, wasemavyo wahenga, ni mjukuu: mwaka wa 1908 ndui ilirejea Rio na kuua zaidi ya watu 6,000. Safari hii, wakazi walipanga foleni wenyewe kuchanjwa.

Cruz alikuwa tayari ametunukiwa nishani ya dhahabu jijini Berlin mwaka wa 1907, na homa ya manjano ilikuwa imedhibitiwa. Taasisi ya Manguinhos ikapewa jina lake. Alifariki Februari 11, 1917 huko Petrópolis, akiwa na umri wa miaka 44.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka wa 2021, taasisi hiyo ilitengeneza mamilioni ya dozi za chanjo ya Covid-19, huku rais wa nchi wakati huo, Jair Bolsonaro, akiitilia shaka chanjo hadharani.

Maisha ya Cruz yanafunza mambo mawili. Mwanasiasa anayechezea hofu ya watu kuhusu tiba huondoka na kura zake, nao wafuasi wake hubaki na maradhi. Na tabibu, hata akiwa na ukweli mkononi, hana budi kuueleza kabla ya kuwatuma polisi.