Sultani Barghash: Majumba yalipanda, milki ikaponyoka

WANUNUZI wanaofurika Biashara Street, Mombasa, kutafuta leso na vikoi hukanyaga ardhi iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Miongoni mwa masultani hao, Barghash bin Said ndiye anayekumbukwa zaidi kwa ujenzi.

Mnamo 1859 alijaribu kumpindua nduguye Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay. Majid alipofariki mwaka wa 1870, Barghash alitawazwa. Hakuanza kwa neema: kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu na kuzamisha merikebu zake, na mwaka uliofuata Waingereza wakamshurutisha kufunga soko la watumwa.

Hata hivyo, aliporudi kutoka ziara ya Uingereza ya 1875, moyo wake ulielekea kwenye ujenzi. Alijenga kasri la Maruhubi kwa ajili ya masuria wake, na mnamo 1883 likasimama Beit al-Ajaib, jumba refu lenye nguzo za chuma na milango ya nakshi. Alivuta pia maji ya chemchemi hadi mjini.

Lakini majumba hayalindi mipaka. Mwaka wa 1885 Wajerumani walidai bara, na mwaka wa 1886 wao na Waingereza wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi, Mombasa ikiwemo. Alifariki Machi 1888.

Maruhubi liliteketea mnamo 1899. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili. Fahari ya mfalme, kumbe, nayo huhitaji mtunzaji.