Burkitt: Daktari wa Jicho Moja na Mishipa ya Miguu Yetu

Mtajie mwanafunzi wa udaktari jina la Denis Burkitt, atakujibu papo hapo: saratani ya taya kwa watoto. Amejibu sawa, ila ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili inahusu miguu: mishipa ya vena iliyovimba na kujipinda, na vidonda vya juu ya kifundo ambavyo huku kwetu watu huviita donda ndugu na kukata tamaa navyo.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911, Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa ndege. Aliwavisha pete miguuni na kuchora ramani ya maeneo yao. Mtoto alirithi ramani, ila yeye hakuchora ndege, alichora magonjwa. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe katika vurugu za watoto wa shule, jicho la kulia likapotea. Alipoingia chuo kikuu Dublin alianza na uhandisi, kisha akahamia udaktari. (Wanaobadili kozi mwaka wa kwanza, msijione mmepotea.) Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwanza, eti daktari wa jicho moja atafanyaje upasuaji? Hakukata tamaa. Mwaka 1946 akapelekwa Uganda, akaanzia Lira, kisha akahamia Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya. Baada ya kuona wengine wenye hali ileile, akaanza kuuliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakaendesha kama kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita Tanganyika pia, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuuliza swali hilohilo. Saratani ile hadi leo ina jina lake.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966, akageuza swali. Kwa nini magonjwa yaliyojaa hospitali za London ni adimu vijijini Afrika? Akawa anaandikia hospitali za misheni barua za maswali: mwezi huu mmeona wangapi wenye bawasiri? Wangapi wenye vena zilizovimba miguuni? Majibu mengi yalikuwa: wachache sana. Mwaka 1972 akaandika hoja yake katika British Medical Journal. Mlo usio na makapi huleta choo kigumu, mtu hujikamua, presha ya tumbo hupanda na kushuka hadi kwenye vena za miguu, vilango vya ndani ya vena hutanuka na kulegea. Kuithibitisha, yeye na wenzake walipima hata uzito wa choo, na cha wanakijiji wa Uganda kilikuwa kizito mara kadhaa kuliko cha Waingereza. Cheka, lakini ushauri wa kula dona, maharage na mboga za majani ulipata nguvu hapo.

Sasa tuwe wakweli. Upande wa makapi na tumbo amesimama vizuri. Upande wa vena hoja yake haikupata uthibitisho imara. Umri, ujauzito, kurithi kwenye ukoo na kazi za kusimama muda mrefu ndivyo vinavyotajwa zaidi. Tena njia yake ilikuwa na tundu. Hospitali huhesabu anayefika. Nani anapanda basi kwenda hospitali kwa sababu ya mshipa uliojipinda usiouma? Adimu katika daftari la hospitali si lazima iwe adimu kijijini.

Hapa ndipo Turiani inapoingia. Pale chini ya milima ya Nguru kuna miwa ya Mtibwa na mashamba ya mpunga, na kazi ni ya kusimama toka alfajiri. Kuna hospitali ya misheni Bwagala, lakini mtu huanza na duka la dawa: poda, vidonge vya antibiotiki, kitambaa. Kidonda cha vena hakiponi hivyo, kwa sababu shida si wadudu peke yao, ni presha. Kila hatua unayopiga, kigimbi hukamua vena na kusukuma damu juu. Vilango vikilegea damu hurudi chini, kifundo huvimba, ngozi huwa nyeusi na ngumu, mwisho hupasuka.

Dawa yake ni ya zamani. Paul Gerson Unna wa Hamburg alishawafunga wagonjwa bandeji yenye zinki, jelatini na gliserini tangu karne ya 19. Leo bandeji ya kubana hufungwa kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, ikikaza zaidi kifundoni, karibu milimita 40 za zebaki, na kulegea kadiri inavyopanda. Mgonjwa anatembea, na akipumzika ananyanyua mguu. Lakini lazima mtaalamu apime kwanza ateri za mguu, hasa kwa mwenye kisukari. Mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa, unaweza kuoza.

Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993. Ametuachia swali zuri kuliko jibu lake: ugonjwa huu uko wapi, na nani amehesabu? Likizo hii ukirudi nyumbani, tazama miguu ya shangazi na wajomba. Ukikuta kidonda cha miezi kadhaa juu ya kifundo, usimpelekee poda nyingine. Mpeleke akapimwe, na umuulize daktari kuhusu bandeji.