Max von Stephanitz: Kapteni aliyeunda mbwa wa polisi

JIONI walinzi wanapoingia zamu kwenye malango ya viwanda, maghala na mitaa ya matajiri nchini, aghalabu huandamana na mbwa mkubwa mwenye masikio yaliyosimama, mgongo mweusi na miguu ya rangi ya hudhurungi. Wazee waliomfahamu tangu enzi za ukoloni humwita Alsatian, nao vijana humwita German Shepherd. Polisi wa Kenya wamemtumia kwa miongo mingi kufuata nyayo za wahalifu.

Ni wachache wanaojua kuwa mbwa huyu ana mwanzilishi, na hata siku alipoandikishwa rasmi inajulikana. Miaka 150 iliyopita aina hii haikuwako. Iliundwa na mwanajeshi Mjerumani, Max von Stephanitz, aliyeaga dunia mnamo 1936. Maisha yake yana funzo kwa kila mfugaji, awe wa mbwa au wa ng'ombe. Anayemchagua mzazi mmoja aliye bora na kumzalisha tena na tena hurithisha uzuri anaouona pamoja na kasoro asizoziona.

Stephanitz alizaliwa Desemba 30, 1864 katika mji wa Dresden, kwenye ukoo wa makabaila. Kama vijana wengi wa tabaka lake, alijiunga na jeshi na kuwa afisa wa askari wapanda farasi. Kwa muda alihudumu katika chuo cha utabibu wa mifugo mjini Berlin. Huko alijifunza namna mifupa, misuli na viungo vya mnyama vinavyoshirikiana anapotembea na kukimbia. Ujuzi huo ndio uliomfaa baadaye kuliko upanga.

Alipanda cheo hadi kuwa kapteni. Hata hivyo, alimwoa mwigizaji wa jukwaani, na wakuu wa jeshi la enzi hizo waliiona ndoa hiyo kuwa haistahili afisa. Stephanitz alivua sare, akahamia kwenye shamba karibu na Grafrath katika jimbo la Bavaria na kuyaelekeza maisha yake kwa mbwa.

Wakati huo wachungaji wa Ujerumani walikuwa na mbwa wa kila namna. Wale wa Thuringia walikuwa wadogo, wepesi, wenye rangi ya mbwamwitu na masikio yaliyosimama. Wale wa Württemberg walikuwa wakubwa, wenye mifupa mizito na tabia ya utulivu. Kazi yao ilikuwa moja. Walitembea mchana kutwa baina ya malisho na mashamba ya watu, wakawa ua unaotembea, ili kondoo wasivuke na kuharibu mimea.

Kulikuwa na watu waliotaka kuwafanya mbwa hawa kuwa aina moja ya kitaifa, lakini chama chao cha kwanza, Phylax, kilichoundwa 1891, kilivunjika baada ya miaka michache. Wanachama walizozana kuhusu swali ambalo halijaisha hadi leo: je, mbwa achaguliwe kwa sura au kwa kazi? Stephanitz alikuwa na jibu lake. Aliamini kuwa uzuri wa mbwa wa kazi ni kazi yenyewe, na kwamba mbwa asiye na akili na ustahimilivu hana thamani hata akiwa na umbo la kupendeza.

Mnamo Aprili 3, 1899, Stephanitz na rafiki yake Artur Meyer walikwenda kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe. Huko walimwona dume mmoja aliyeitwa Hektor Linksrhein, mwenye nguvu, macho makini na sura ya mbwamwitu. Stephanitz alimnunua papo hapo na kumpa jina jipya, Horand von Grafrath. Aprili 22 mwaka huo huo, yeye na wenzake waliunda chama cha mbwa wa uchungaji wa Kijerumani, naye akawa rais wake. Katika daftari la nasaba la chama hicho, Horand aliandikwa nambari moja.

Kilichofuata ndicho kiini cha kisa hiki. Ili kupata aina moja inayozaa watoto wanaofanana, Stephanitz alimfanya Horand kuwa mhimili. Majike kutoka sehemu mbalimbali yaliletwa kwake. Mwanawe aliyevuma zaidi, Hektor von Schwaben, alipandishwa kwa jike ambaye pia alikuwa mtoto wa Horand. Yaani ndugu wa baba mmoja walizalishana, na vizazi vyao navyo vikazalishana. Katika uzao huo walipatikana Beowulf na Pilot, madume waliotapakaza damu ya Horand kila pembe. Leo ni vigumu kumpata mbwa halisi wa aina hii ambaye ukoo wake haurudi kwa Horand.

Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wafugaji wa enzi hizo walilijua hilo kwa macho, lakini sababu yake hawakuijua. Mtawa Gregor Mendel alikuwa amechapisha utafiti wake kuhusu urithi wa mbaazi mnamo 1866, lakini ulisahaulika hadi 1900, mwaka mmoja baada ya chama cha Stephanitz kuundwa. Kapteni huyo alianza ujenzi kabla ramani haijapatikana.

Sasa tunajua kwamba mbwa hupokea nakala mbili za takriban kila jeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Zipo jeni ambazo hujificha. Mbwa akiwa na nakala moja tu, haonyeshi dalili yoyote. Ila wazazi wawili wenye nakala hiyo wakikutana, kila kilebu anayezaliwa ana nafasi moja kati ya nne ya kupokea nakala zote mbili, na hapo lililofichika hujitokeza. Wazazi wakiwa ndugu, uwezekano wa wote wawili kubeba jeni ile ile huongezeka. Hivyo ndivyo kuzalisha ndani ya ukoo mmoja kunavyoimarisha sifa njema upesi, na ndivyo pia kunavyofichua maradhi.

Mfano ni rangi nyeupe. Babu yake Horand upande wa mama, mbwa aliyeitwa Greif, alikuwa mweupe. Weupe wa mbwa hawa hutokana na jeni fiche ya aina hiyo, na ndiyo maana vilebu weupe waliendelea kuzaliwa na wazazi wenye rangi ya kawaida. Mnamo 1933 rangi hiyo ilipigwa marufuku katika kanuni za aina hii nchini Ujerumani, ilhali ilikuwamo katika ukoo wa mbwa nambari moja. Wafugaji wa Uswisi waliwatunza weupe hao, na baadaye wakatambuliwa kimataifa kuwa aina inayojitegemea.

Stephanitz hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Viwanda vilipoenea na malisho kupungua, alitambua kuwa mbwa asiye na kondoo wa kuchunga angegeuka pambo. Aliwaendea polisi na wanajeshi, akawashawishi wawajaribu mbwa wake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia walibeba ujumbe na kuwatafuta majeruhi. Mnamo 1916, mjini Oldenburg, ilifunguliwa shule ya kuwafunza kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Sifa zilizochaguliwa malishoni, yaani utiifu, ukesha na wepesi wa kujifunza, zilifaa pia barabarani.

Baada ya vita umaarufu ukawa balaa. Askari wa Marekani walirejea kwao na hadithi za mbwa hawa, na mmoja wao, Rin Tin Tin, akawa nyota wa filamu. Kila mtu alitaka kilebu, na wenye tamaa wakazalisha ovyo. Huko Uingereza, chuki dhidi ya Wajerumani ilifanya mbwa huyo aitwe Alsatian, jina lililofika hadi makoloni ya Waingereza. Waingereza walirejesha jina la asili mnamo 1977.

Stephanitz aliona kazi yake ikiharibika. Mbwa walikuwa wamerefuka miguu kupita kiasi, wengine walikosa meno, na wengine walikuwa waoga. Mnamo 1922 aliweka utaratibu wa kumkagua kila mbwa kabla ya kuruhusiwa kuzaa. Kwenye maonyesho makuu ya 1925 alimtangaza bingwa dume aliyeitwa Klodo von Boxberg, mbwa mfupi na mrefu wa mwili kuliko waliozoeleka. Ulikuwa uamuzi wa makusudi wa kugeuza mkondo wa aina nzima. Lakini dawa yake ilikuwa ile ile ya mwanzo: dume mmoja, na majike wote wamkimbilie.

Hatuwezi kumsifu bila kutaja doa lake. Aliamini usafi wa damu na asili kama wengi wa zama zake, na kitabu chake kikuu kuhusu mbwa hao kina maneno ya kuwadunisha Wayahudi. Hata hivyo, Wanazi waliponyakua mamlaka na kuviweka vyama vyote chini yao, hawakumhitaji. Mnamo 1935 alilazimika kuacha uongozi wa chama alichokiunda. Aliaga dunia Aprili 22, 1936 mjini Dresden, miaka 37 kamili tangu siku ya kuundwa kwa chama hicho. Miaka michache baadaye mbwa wa aina yake walikuwa wakitumiwa kuwatisha wafungwa katika kambi za mauaji.

Bili ya uamuzi wa 1899 imeendelea kulipwa na mbwa wenyewe. Ugonjwa wa nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa, ulielezwa kwa mara ya kwanza kwa mbwa mnamo 1935. Hutokana na jeni nyingi kwa pamoja, pia lishe na mazoezi. Miaka ya 1960 Wajerumani walianza kudai picha ya eksirei kabla ya kuzalisha. Mnamo 2009 wanasayansi walitambua jeni inayohusishwa na ugonjwa wa uti wa mgongo unaopooza miguu ya nyuma uzeeni.

Kisa cha dume mmoja wa baadaye, Canto von der Wienerau, kinaeleza hatari hiyo wazi. Alipendwa mno na wafugaji wa miaka ya 1970, lakini alikuwa na ugonjwa wa damu isiyoganda. Jeni ya ugonjwa huo iko kwenye kromosomu ya X, ambayo dume huwapa binti zake wote na wala hampi mwana yeyote. Kwa hivyo wanawe walikuwa wazima, huku kila binti akibeba ugonjwa bila kuuonyesha, na karibu nusu ya wana wa kiume wa mabinti hao wakaugua. Mfugaji aliyewatazama wana tu angeapa kuwa baba yao hakuwa na dosari.

Leo vipimo vya damu na mate vinaweza kufichua jeni ambazo Stephanitz hakuwa na njia ya kuziona. Anayenunua kilebu hapa nchini na asiulize ila bei na cheti cha nasaba bado yuko mwaka wa 1899. Aulize pia hali ya nyonga za wazazi, na achunguze kama jina la dume mmoja linajirudia upande wa baba na wa mama. Mfugaji wa ng'ombe anayenunua mbegu ya fahali yule yule mwaka baada ya mwaka, hadi kwa mabinti wa fahali huyo, ana sababu ya kujiuliza swali hilo pia.