Muhogo Mchungu Aliyekuwa Waziri Mkuu

Juzi usiku nilipita kwenye kibanda cha video hapa Muhuru Bay, karibu na pale akina mama wanapoanika omena, nikakuta vijana wamejaa hadi mlangoni. Ilikuwa filamu ya Kihindi ya kuchekesha. Mwanakijiji amefika Bombay na kifurushi chake, anamwamini kila anayemtabasamia, na kabla jua halijatua hana hata senti. Vicheko vilisikika hadi ufuoni kwenye mashua.

Hadithi hiyo ni ya zamani. Raj Kapoor aliicheza mwaka wa 1955 katika Shree 420, akiwa kijana anayetoka Allahabad kwenda kutafuta maisha Bombay. Lakini niliporudi nyumbani sikuwa nikimfikiria yeye. Nilimfikiria mwingine, wa kwa jirani zetu hapa ng'ambo ya Kirongwe, aliyeingia mjini kwenye sinema miaka michache kabla ya Raj Kapoor, tena kwa Kiswahili. Namzungumzia Rashidi Mfaume Kawawa.

Wa rika langu wanamkumbuka kama Simba wa Vita, jina lililotajwa redioni pamoja na la Nyerere kila mara. Wachache wanajua kwamba kabla ya siasa alikuwa mwigizaji.

Alizaliwa mwaka wa 1926 katika kijiji cha Matepwende, upande wa Songea, kusini kabisa mwa Tanganyika. Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, kisha shule ya serikali ya Tabora, ile ile aliyopitia Nyerere. Hakuendelea na masomo Makerere. Alichukua kazi ya serikali, akaingia idara ya ustawi wa jamii.

Hapo ndipo sinema ilipomkuta. Mapema miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya Waafrika wa Tanganyika. Kawawa alipewa nafasi kubwa katika Muhogo Mchungu, hadithi ya mtu wa shamba anayekwenda mjini na kuingia mikononi mwa wajanja. Alionekana pia katika Chalo Amerudi. Watu walizipenda. Aliyekuwa kwenye kitambaa cheupe alifanana nao na kusema lugha yao.

Jina la filamu hiyo hunichekesha kila nikilitaja. Sisi wa ziwani tunaujua muhogo mchungu. Ukiutafuna mbichi unaweza kukuua. Ni lazima uulowe, uukaushe, ndipo upate unga. Mtu wa mjini akiletewa shambani bila mwenyeji ataula hivyo hivyo. Sasa mshamba ni nani?

Watawala walitaka filamu hizo ziwafunze watu, na somo lilikuwa wazi: mji una hatari, kijijini ni salama. Kawawa mwenyewe hakulifuata somo. Alibaki mjini, akaongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka wa 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Makuli, madereva na watumishi wa nyumbani, ambao wengi wao walifika mjini na kifurushi kama yule wa filamu, sasa walikuwa na msemaji. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake bora kuliko zote.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, Nyerere alikaa kwenye uwaziri mkuu wiki chache tu, akajiuzulu Januari 1962 ili akakijenge chama. Kiti akapewa Kawawa. Mwaka ulipokwisha Nyerere akarudi akiwa Rais wa Jamhuri, naye Kawawa akampisha bila ugomvi, akawa Makamu wa Rais. Hapa kwetu Kenya tumeona watu wakivunjana miguu kwa ajili ya kiti cha udiwani, kwa hiyo tukio hilo nalipa heshima yake.

Lakini sitamsifu tu kwa sababu amekufa. Katika mwaka huo huo wa 1962, serikali aliyoiongoza mwana vyama huyu ilipitisha sheria iliyofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Makuli waliompandisha ngazi wakaikuta ngazi imeondolewa.

Halafu kuna vijiji. Kawawa alikuwa Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977, na miaka hiyo ndiyo ya Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa kutoka kwenye maboma yao na kupangwa katika vijiji vipya, wengine kwa nguvu. Mkoa wa Mara haukuachwa, pamoja na ndugu zetu Wajaluo wa upande ule. Mwaka wa 1976 ikaja kampeni ya kila mtu afanye kazi, na wasio na ajira Dar es Salaam wakakusanywa ili warudishwe mashambani. Amri hazikuwa zake peke yake, na Nyerere alikuwa juu yake. Hata hivyo yeye ndiye alikuwa mtendaji mkuu, na sifa yake kubwa ilikuwa kutekeleza bila kusita. Aliyewachekesha watu kwa kuwa mgeni mjini sasa aliwaambia wageni wa mjini warudi walikotoka. Nimejaribu kumtetea kwa hilo, sijaweza.

Baadaye alikuwa Waziri wa Ulinzi, kisha Katibu Mkuu wa CCM. Alikufa tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale, nje ya pilikapilika za Dar es Salaam.

Kijana wa jirani yangu, aliyecheka kuliko wote pale kibandani, anapanda basi la Nairobi Jumatatu. Nimemweleza kwamba wajanja wa siku hizi hawangoji stendi, wanakupigia simu wakidai wamekutumia pesa kimakosa. Akacheka tena, akaniita mzee wa kijijini. Mama yake amemfungia omena, na kilo mbili za unga wa muhogo.