Harry Wood: Mwanafalaki aliyesikiliza ardhi ya Johannesburg

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Juni 2023 wakazi wa Randburg na maeneo mengine ya Johannesburg, Afrika Kusini, waligutushwa usingizini na tetemeko la ardhi. Wengi walijiuliza lilikotoka. Swali hilo ni la zamani, na miongoni mwa waliolitafutia jibu mapema ni mtu aliyekuja mjini humo kutazama nyota.

Harry Edwin Wood alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1881, akasomea fizikia katika chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 1906 aliajiriwa kuwa msaidizi mkuu wa kituo cha hali ya hewa mjini Johannesburg, ambacho baadaye kilikuwa kituo cha taifa cha elimu ya falaki. Hapo aligundua sayari ndogo 12. Moja aliiita Transvaalia, kwa jina la jimbo alilohamia, na nyingine Mancunia, kwa heshima ya mji aliozaliwa.

Lakini ardhi chini ya darubini zake haikutulia. Dhahabu ilianza kuchimbwa hapo mwaka 1886, na kufikia mwaka 1908 mitetemeko ilikuwa imewatia hofu wakazi wa mtaa wa Ophirton, hata serikali ikaunda kamati ya uchunguzi. Mwaka 1910 chombo cha kupimia matetemeko kiliwekwa katika kituo cha Wood, na baadaye kingine upande wa Ophirton.

Tetemeko hutoa mawimbi yasiyo na kasi moja, na muda unaopita kati ya wimbi la kwanza na la pili huonyesha umbali wa chanzo chake. Wood alibainisha kwamba mitetemeko mingi ilitoka katika ukanda ule ule wa machimbo. Chanzo kilikuwa binadamu mwenyewe: mwamba ukishatolewa, uzito wote ulio juu huzielemea nguzo za mawe zilizoachwa, nazo hupasuka kwa ghafla. Wood aliandika pia kuhusu matetemeko ya asili, kwani mwaka 1912 lilitokea moja kubwa katika jimbo la Free State.

Kamati nyingine ya serikali iliafiki mwaka 1915 kwamba migodi ndiyo chanzo, ila ikauhakikishia mji kuwa hapakuwa na sababu ya kuhofia maafa. Kwa waliokuwa juu, hayo yalikuwa maneno ya faraja. Kwa wachimbaji walio chini, wengi wao vibarua kutoka Msumbiji, Nyasaland na kwingineko, mwamba uliopasuka ulikuwa kifo, na umeendelea kuwaua wengi kadiri machimbo yalivyozidi kina, hadi kupita kilomita tatu.

Wood alipanda cheo kuwa Mwanafalaki Mkuu wa serikali, akastaafu mwaka 1941 na kufariki dunia mwaka 1946. Sayari ndogo moja inaitwa kwa jina lake.

Tarehe 5 Agosti 2014 tetemeko la kipimo cha 5.5 lilipiga karibu na mji wa migodi wa Orkney, likaua mtu mmoja na kusikika hadi Johannesburg. Dhahabu imepungua na migodi mingi imefungwa, lakini mwamba uliochokonolewa kwa zaidi ya karne moja haujamaliza kujipanga upya.