Daktari wa Homa Zinazofanana

Sisi watu wa Pwani, mwili ukichemka tu twasema ni malaria. Nami nilisema hivyo hivyo nilipokuwa nikiuza nyama Soko la Burma, Nairobi. Jioni homa hupanda, usiku jasho chapachapa, asubuhi naamka na kushika kisu changu, ila viungo vyauma kama vya mzee. Dawa za malaria nilimeza mara tatu, wala hazikufaa kitu. Mwishowe fundi mmoja wa maabara alichukua tone la maji ya damu yangu, akalichanganya na dawa ya rangi juu ya kigae cheupe, likafanya vibonge. Akaniambia ni homa ya Malta, ipatwayo kwa maziwa mabichi, au kwa damu ya mnyama ikiingia kwenye jeraha. Na majeraha ya kisu nilikuwa nayo tele! Dawa zake nilizinywa wiki sita.

Basi nikataka kumjua aliyeigundua. Ni David Bruce, aliyezaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, akawa daktari wa jeshi la Kiingereza. Mwaka 1884 alipelekwa Malta, ambako askari walilala kwa homa miezi na miezi, na madaktari wakiipa kila mmoja jina lake. Bruce alitazama kwa hadubini wengu za waliokufa, na mwaka 1887 akatangaza kijidudu alichokiona humo.

Lakini kilitoka wapi? Jibu lilikawia hadi 1905, wala hakulitoa yeye. Mwana wa Malta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi walioonekana wazima kabisa, akakuta ugonjwa umo. Mwaka uliofuata askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua mno.

Kwetu Afrika Mashariki Bruce alifika Entebbe mwaka 1903, wakati malale yakiwamaliza watu wa ufuoni mwa Ziwa Viktoria. Malale nayo huanza kwa homa ya kuja na kwenda, mtu akadhani malaria. Usingizi huja baadaye. Mwitalia Castellani alikuwa amekwisha kuona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce na wenzake wakathibitisha kuwa ndivyo viletavyo malale, na kwamba mbung'o ndiye mbebaji. Wawili hao waligombania sifa kwa miaka, jambo ambalo mimi naona liliwapunguzia heshima wote.

Ambaye hakugombania ni Bi. Mary, mkewe. Tangu Malta alikuwa naye maabarani, akitayarisha vioo na kuchora kilichoonekana chini ya hadubini. Alifuatana naye Zululand alikochunguza ugonjwa wa ng'ombe, na akauguza majeruhi katika mji wa Ladysmith ulipozingirwa vitani. Alifariki Novemba 1931, na siku nne baadaye mumewe akamfuata. Inasimuliwa kwamba Bruce aliusia kuwa atakayeandika habari zake asiiache kazi ya mkewe, nami sikuiacha.